Tulivyopiga Kura Kuchagua Kitabu cha Kupamba Tovuti

Nilisikia kabla sijaona. Trrrr, kimya, kisha trrrr tena, kama mtu anayechanganya karata nyuma ya ukuta. Rafu za duka lile la vitabu zilifika darini, na kati ya rafu na rafu palikuwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja, kwa hiyo ukisimama mlangoni huoni chochote ila migongo ya vitabu na bibi mwenye duka nyuma ya kaunta yake. Bibi huyo alikuwa Mhindi wa papo hapo Nakuru, aliyezaliwa ghorofa ya juu ya duka hilohilo, na alituita wote beta, wake kwa waume, kama vile sisi ni wanawe waliochelewa kurudi nyumbani. Aliinua kidevu kuelekea kule sauti ilikotoka. Akaniambia kwamba rafiki yangu yuko huko tangu duka lifunguliwe, na kwamba akiendelea kuvipepea vitabu vyake namna ile vitapata mafua.

Nikajipenyeza. Rafiki yangu mshairi alikuwa amechuchumaa mwisho wa kichochoro, sketi ameikusanya magotini, na vitabu vitatu vimesimama sakafuni mbele yake kama watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Alikuwa akichukua kimoja, anapitisha kidole gumba ukingoni, kurasa zote zinapeperuka kwa pumzi moja, anakirudisha, anachukua kingine. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta kitabu kitakachomzuia kwenda Salgaa.

Ilinibidi nichuchumae pia, maana habari yenyewe ilikuwa ndefu. Alikuwa amemaliza masomo ya fasihi chuo kikuu kule Njoro, na tangu amalize alikuwa akiishi chumba kimoja mtaa wa Section 58, anaandika mashairi na kutafuta kazi, zaidi mashairi. Mama yake, aliyekuwa akilima Kabazi, alikuwa amechoka kuulizwa na majirani binti yake anafanya nini mjini. Akazungumza na mjomba, na mjomba alikuwa na loji Salgaa, kando ya barabara ya Eldoret, mahali malori hulala. Mwisho wa mwezi mshairi wetu angeketi kwenye kaunta ya loji hiyo akiwapa madereva funguo na sabuni. Alikuwa amewaahidi wote wawili kwamba kama hatapata kazi mjini kufikia siku hiyo, atakwenda bila kelele. Si kwamba Salgaa ni pabaya. Nimekula nyama choma nzuri kabisa pale. Lakini alisema mashairi yake yangekufa kwa honi.

Na sasa kazi ilikuwa imejitokeza. Mwaka huo wa 2008 mji wetu ulikuwa ukijifunza upya kuamkiana. Miezi ya kwanza, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, sitaisimulia hapa. Inatosha kusema kwamba arusi nyingi ziliahirishwa na watalii walikimbia, na mtu aliyeumia kimyakimya ni mzee mmoja Singasinga aliyeuza na kukodisha mahema na maturubai karibu na soko. Mahema yake yalikuwa yamelala yamekunjwa tangu Krismasi. Mzee huyo aliamua kuwatafuta wateja kwenye mtandao, hasa wana wa Nakuru walio ng'ambo wanaotaka kuwapangia ndugu zao sherehe huku nyumbani. Kijana mmoja akamjengea tovuti nusunusu kisha akapata kazi Nairobi. Maneno yalikuwepo na picha zilikuwepo, lakini kila kitu kilijipanga ukingo wa kushoto kutoka juu hadi chini, maandishi meusi juu ya weupe, kama tangazo lililobandikwa nje ya ofisi ya chifu.

Mshairi alikuwa ameingia dukani kwa mzee huyo kuuliza bei ya turubai ya kuezeka choo cha mama yake. Mzee akawa analalamika kuhusu tovuti. Alisema mtu atakayeivalisha nguo kufikia Ijumaa ya wiki itakayofuata atapewa meza iliyo kando ya dirisha, na kazi ya kuitunza tovuti na kujibu wateja. Mshairi akasikia mdomo wake ukisema kwamba yeye anaweza.

Hakuweza. Alikuwa amesoma kompyuta kidogo kwenye chuo kimoja cha mjini, akajua kuweka aya na picha kwenye ukurasa, lakini jinsi ya kuupamba, yaani rangi, herufi, nafasi, nini kikae wapi, hiyo hakuijua hata kidogo. Alihitaji kitabu, na uwezo wake ulikuwa wa kitabu kimoja.

Kuna jambo ambalo vijana wa siku hizi hawatalielewa mara moja. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kompyuta nyumbani. Kompyuta ilikuwa saiba, yaani duka la mtandao la kulipia, na saiba ilihesabu dakika. Kwa hiyo sote tulifanya kazi kwa njia moja: unaandika kila kitu nyumbani kwa penseli, unafuta, unaandika tena, mpaka huna shaka, halafu unakwenda saiba kuchapa tu, haraka, kama mtu anayevuka barabara. Riwaya yangu ya kwanza ilichapwa hivyo. Na yeye alikusudia kuipamba tovuti hivyo hivyo. Kitabu alichokihitaji kilikuwa cha kusomwa mbali na kompyuta, labda kwa mshumaa, na bado kikuonyeshe kompyuta itafanya nini.

Vile vitatu ndivyo pekee vilivyokuwemo. Cha kwanza kilikuwa kinene kama tofali, kimeandikwa na watu wengi hata majina yao yakabanana jaladani, na nyuma kilibeba sidii ndani ya mfuko wa plastiki. Sidii hiyo haikuwa na faida kwetu kwa sababu hakuna saiba mjini iliyokubali uingize sidii yako; waliogopa virusi kuliko walivyoogopa wezi. Cha pili kilikuwa chembamba, jalada la kijivu, chapa ya bei nafuu kutoka India, karatasi laini inayonukia vizuri. Cha tatu kilikuwa na sura mbaya kabisa. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, na jaladani palikuwa na katuni ya mwanamume mwenye brashi, anacheka bila sababu ya maana.

Mimi ndiye niliyependekeza tuvipeleke chamani.

Chama chetu cha waandishi kilikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai, si mbali na stesheni ya reli. Tulikuwa wachache siku za kawaida na wengi siku ambazo mwenye hoteli alikaanga samosa. Bibi wa duka la vitabu alitufahamu, maana tulikuwa tukisoma riwaya zake tukiwa wima mpaka miguu ikauma, na akakubali kutuazima vitabu vyote vitatu hadi Jumatatu. Masharti yake yalikuwa kwamba tuvifunike kwa gazeti, na kwamba chai ikae meza nyingine. Alituangalia tukitoka navyo kama mtu anayeazima watoto.

Sasa nieleze desturi ya chama. Kazi ya mtu ikiletwa, mtu mwingine huisoma kwa sauti. Mwenye kazi hafungui mdomo. Anakaa, anasikiliza, hata akitukanwa, mpaka kila mmoja amalize kusema, na mwishoni anaruhusiwa neno moja tu: nimesikia. Desturi hii aliianzisha Mwalimu, mwenyekiti wetu, aliyefundisha Kiswahili mpaka akastaafu. Alikuwa na imani kwamba mwandishi akipewa nafasi ya kujitetea hatajifunza kitu mpaka azikwe. Tuliipenda desturi hiyo. Tuliitetea mbele ya wageni.

Siku hiyo swali la kwanza likawa mwenye kazi ni nani. Waandishi wa vitabu vile walikuwa ng'ambo, pengine wamelala. Kijana wetu wa tamthilia, ambaye alipenda kubishana kuliko alivyopenda kuandika, alisema jibu liko wazi: aliyeleta ndiye mwenye kazi. Mwalimu akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Na hivyo mtu pekee chumbani aliyekihitaji kitabu hicho akaambiwa anyamaze. Hakuna aliyeona ajabu. Yeye mwenyewe alivuta kiti, akakunja mikono juu ya meza, akanyamaza kama alivyozoea.

Kijana wa tamthilia alisoma tofali, kwa sauti ya mtu anayetangaza sheria za dharura. Kila sentensi ilimtaja mtu aliyeunda kitu, kisha ikakwambia urejee sura nyingine. Hatukufika mbali.

Mimi nilipewa kile cha kijivu. Hata leo naweza kusema kilikuwa na sauti. Mwandishi wake aliuchukulia ukurasa kama nyumba inayotarajia wageni. Alisema nafasi tupu kandokando ya maneno si hasara, ni mahali pa mgeni kuvutia kiti. Alisema maneno yawe na faili lao na mapambo yawe na lake, ili siku ukitaka kumbadilishia bibi arusi gauni usilazimike kutafuta bibi arusi mwingine. Mwenye hoteli alisimama mlangoni na sinia lake asiingie. Nilisoma zaidi ya sehemu niliyopangiwa na hakuna aliyenizuia.

Kile cha machungwa alikisoma Mwalimu, na Mwalimu hakujua kudanganya kwa sauti. Kitabu kikiwa kibaya kilisikika kibaya. Kilikuwa amri tupu. Fungua faili. Andika hivi. Hifadhi. Sasa badilisha nambari hii. Umeona nini?

"Nimeona njaa," alijibu kijana wa tamthilia, na tukacheka mpaka Mwalimu naye akakiweka kitabu chini akapangusa macho.

Wakati tunacheka niliona vidole vya mshairi vikigonga meza, polepole, mkono wa kushoto na wa kulia. Nikadhani anatafuta mizani ya shairi.

Tulipiga kura, jambo ambalo mwaka ule lilihitaji moyo. Mwalimu alisisitiza kwamba kura zihesabiwe mbele ya watu wote na matokeo yatangazwe papo hapo, na kijana wa tamthilia akataka kujua kama kuna waangalizi kutoka nje. Tukamteua mwenye hoteli. Kitabu cha kijivu kilishinda bila mpinzani. Mwalimu akamgeukia mshairi, na mshairi akasema, kama desturi ilivyotaka, "Nimesikia." Samosa zikaja.

Jumatatu alikinunua. Siku mbili hizo nilimwona mara moja tu, dirishani kwake, penseli sikioni, midomo ikitembea. Alinipungia mkono nisipande.

Jumatano alasiri aliniomba nimsindikize saiba. Alikuwa na karatasi zake zimeandikwa safi, mwandiko wa kike uliolala kidogo, kila amri kwenye mstari wake, mabano yamefunguliwa na kufungwa kama inavyotakiwa. Alichapa bila kupumzika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimebeba kile kitabu kama mtu aliyesindikiza bibi arusi na kubeba mkoba wake. Kisha akafungua tovuti ya mzee.

Herufi zilikuwa zimependeza. Nafasi kandokando ya maneno ilikuwa pana na ya heshima, mgeni angekaa. Lakini picha za mahema zilikuwa zimeanguka moja chini ya nyingine kama viazi vinavyotoka guniani, na orodha ya huduma, ambayo aliitaka upande wa kushoto ikienda sambamba na picha, ilikuwa imejitenga chini kabisa, peke yake, kama mtu aliyekosana na familia. Rangi ndiyo sitaisahau. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu jinsi rangi zinavyosemezana, na mifano mitatu ya duara, lakini chapa ile ya bei nafuu haikuwa na wino wa rangi. Duara la kwanza lilikuwa kijivu, la pili kijivu, la tatu kijivu kilichoiva. Alikuwa amebuni tu. Kichwa cha tovuti kilikuwa zambarau juu ya kahawia, na ukikitazama sana unasikia kizunguzungu.

Tulipekua kitabu pamoja kutafuta namna ya kuweka vitu viwili ubavu kwa ubavu. Palikuwa na aya nzuri kuhusu ujirani. Namna yenyewe haikuwepo. Mwandishi alisema msomaji makini ataigundua kwa kujaribu.

"Madam, niongeze dakika ama nikate?" aliuliza kijana wa kaunta.

"Kata," alisema mshairi.

Tulisimama nje, barazani, upepo wa Julai ukisukuma vumbi na maganda ya mahindi. Alikunja karatasi zake mara mbili, mara nne.

"Unajua mimi nilitaka kipi Jumamosi?" aliniuliza.

Nilisema sote tulitaka cha kijivu.

"Nimeuliza mimi."

Nilianza kuona.

"Cha machungwa," alisema. "Mwalimu akisoma, mimi nilikuwa nachapa. Juu ya meza. Kila akisema andika, naandika. Mlikuwa mnacheka, mimi nilikuwa nimefika zoezi la tatu."

"Si ulisema umesikia?"

"Si ndiyo husemwa? Nilisikia. Kuna mahali nilisema nimekubali?"

Nilimwambia angetuambia baada ya kikao, wakati wa samosa. Akacheka, si kwa ubaya.

"Wakati wa samosa nilikuwa nimeshakolea. Ulisoma vizuri, bwana wewe. Hata mimi nilitaka kuhamia ndani ya hiyo kitabu. Lakini mimi nina nyumba. Kazi ndiyo sina."

Tulikwenda moja kwa moja kwa bibi wa vitabu, tukitembea haraka kwa sababu alikuwa na tabia ya kufunga mapema akisikia baridi. Mshairi alimweleza kwamba kitabu kimemshinda na anaomba kubadilishiwa. Bibi hakukataa. Alivaa miwani, akalivua gazeti la nje, akaanza kugeuza ukurasa mmoja mmoja kwa mkono wenye bangili. Mwanzoni kurasa zilikuwa safi. Kisha, kwenye sura ya nafasi tupu, zikaanza alama za penseli, halafu mistari mizima ya penseli, ikipanda pambizoni na kuzunguka kona. Sehemu nyingine zilikuwa amri za kompyuta. Nyingine hazikuwa. Bibi aliinamisha kichwa akausoma mmoja, akauliza kama huu nao ni wa kompyuta.

"Hapana, mama," alisema mshairi. "Huo ni wa mvua."

Bibi alisema ni mstari mzuri, lakini kitabu chenye mvua ndani hawezi kukirudisha rafuni. Alisema kwa upole na ilikuwa wazi kwamba hatabadilisha neno. Kufutwa nako alikataa. Alisema penseli ikifutwa huacha kovu, na wateja wake wanajua makovu.

Mshairi alikiangalia kile cha machungwa kule rafuni, katuni yake ikimcheka. Nilikuwa na pesa za wino na karatasi za riwaya. Nikasema mimi nitakinunua cha kijivu kutoka kwake, kwa bei ileile, na mvua yake ndani. Aliniuliza nitakifanyia nini, mtu asiyejua hata kuweka picha kwenye ukurasa. Nikasema nitakisoma. Bibi aliona hilo ni jibu la maana kabisa, akafunga biashara kabla hatujabadili nia.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa mtindo mwingine. Kitabu cha machungwa hakikujali kupendwa. Kila zoezi lilikuwa na picha mbili, ukurasa kabla na ukurasa baada, na kati yake mistari michache ya kuandika. Hata stima ikipotea, na kule Section 58 ilipotea, ungeweza kuandika kwa penseli, kufunika picha ya pili kwa kiganja, kukisia, kisha kuinua kiganja. Katikati palikuwa na karatasi moja inayong'aa yenye rangi zote, kila moja na nambari yake chini, halisi, nyekundu ikiwa nyekundu. Na zoezi la kuweka vitu viwili ubavu kwa ubavu lilikuwepo. Halikuwa na falsafa. Unaiambia picha ielee kushoto, unaipa upana, unaiambia inayofuata ielee pia, na mwisho unamwambia anayekuja nyuma yao aanze mstari mpya. Ukisahau huyo wa mwisho, kila kitu kinapanda juu ya mwenzake, na kitabu kilikuwa na picha ya vurugu hiyo pia.

Alhamisi nzima nilikuwa saiba naye, nikimsomea ili macho yake yasihame kwenye skrini. Mimi, niliyeamini kwamba sentensi ni lazima iimbe, nilikaa kando ya dirisha nikisema fungua faili, andika hivi, hifadhi, sasa badilisha nambari hii. Umeona nini? Naye alinijibu kila mara, kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa na daktari. Nimeona picha imesogea. Nimeona mstari umepotea. Mara moja alisema ameona mahema mawili yamesimama pamoja bila kugombana, na sauti yake ikapanda kidogo. Kijana wa kaunta alikuja kuangalia kisha akarudi kwake, akasahau kuuliza kama aongeze au akate.

Ijumaa asubuhi alivaa viatu ambavyo havikuwa vyake. Kama mzee asingeridhika, mkoba wake ungefungwa Jumapili na angeshuka Salgaa kabla ya giza. Mjomba alikuwa ameshamtumia ujumbe kuuliza anapenda chumba cha mbele au cha nyuma. Njiani nilisema maneno mengi yasiyo na maana, ili kuwe na kelele.

Mzee alitupokea katikati ya marundo ya turubai. Alikuwa mtu mkubwa, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri, na Kiswahili cha Nakuru kabisa. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema ni msindikizaji. Akanionyesha rundo nikalie. Kompyuta ilikuwa kwenye ile meza ya kando ya dirisha, imefunikwa kitambaa kama keki. Mshairi alikiondoa, akanakili faili lake kutoka kwenye barua pepe, akafungua.

Kutoka pale rundoni niliona rangi tu: kijani kibichi juu, weupe wa kutosha, na picha za mahema zikiwa zimepangwa mbilimbili kama watoto wa shule wanaokwenda paredi. Mzee aliangalia kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akaanza.

Alisema nambari ya simu haionekani bila miwani. Mshairi alifungua faili la mapambo, akabadilisha nambari moja, akahifadhi, akafungua upya. Ilikuwa kubwa. Mzee akasema sasa ni kubwa mno, mtu atafikiri tunapiga kelele. Akaipunguza. Mzee akasema hema la mazishi limekaa mbele ya hema la arusi, na mtu anayekuja na furaha hapaswi kupita kwanza matangani. Akayabadilisha nafasi, na yaliyobaki yakajipanga yenyewe bila kuanguka. Mzee alitaka kijani kiwe kama cha turubai halisi, na akakata kipande kwenye rundo nililokalia akampelekea. Mshairi alikiweka juu ya karatasi ya rangi ya kitabu cha machungwa, akakisogeza, akasoma nambari, akaichapa. Badilisha, hifadhi, angalia. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na nilijua inasema nini. Hakumwambia mzee kwamba jambo lolote ni gumu, na hakumweleza lolote kuhusu nafasi na wageni.

Mzee alirudi nyuma hatua chache, akaitazama skrini kwa mbali kama mtu anayetazama hema likisimamishwa, kuona kama nguzo zimekaa wima.

"Jumamosi wafanya kazi?" aliuliza.

Hilo hatukulitarajia. Alieleza kwamba Jumamosi ndiyo wakulima na kamati za arusi huja mjini, na duka hufungwa jioni. Chama chetu kilikuwa Jumamosi alasiri. Hakijawahi kuwa siku nyingine. Mshairi aliniangalia, muda mfupi tu, nikiwa juu ya turubai zangu.

"Nafanya," alisema.

"Mshahara wa mwezi wa kwanza ni wa majaribio. Kiti hicho kinalegea, usikiegemee." Akamwita mtu wa stoo alete chai, kisha akaingia nyuma kutafuta picha za maturubai ya malori, akisema kwa nguvu kutoka huko ndani kwamba zipakiwe leo leo.

Mshairi aliketi. Hakuegemea. Alimtumia mjomba ujumbe, mfupi, akaiweka simu kifudifudi mezani. Kisha akaivuta kibodi karibu. Niliendelea kukaa, nikifikiri kuna jambo lifaalo kusemwa na kwamba mimi, kwa kazi yangu, ndiye wa kulisema. Nilifikiri kuhusu kiti chake chamani, na nani sasa atatuletea mashairi ya mvua. Nilianza sentensi mbili tofauti kichwani, zote mbili zikiimba.

Aligeuka akanikuta bado nipo.

"Wewe si uende?" alisema. "Kuna kazi hapa."

"Na kesho?"

"Kesho someni. Mkipigia kitu kura, kwanza muulize mwenyewe." Alikuwa akitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa tayari umerudi kwenye kibodi.

Nikashuka rundoni, nikajipangusa suruali. Akainuka akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu upepo ulikuwa ukiingiza vumbi na mlango ule haukukaa bila kusukumwa. Nikatoka barazani, naye akaufunga nyuma yangu, taratibu, mpaka kitasa kikashika.